Mama Asiyechota Maji

Benchi lililo nje ya duka la rangi la Mzee Vasant, hapo Kisii mjini, lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo akiinuka mtu mmoja wengine wote huyumba. Mwaka ule wa 1996 lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza ni Ongeri, karani mstaafu wa mambo ya kilimo, aliyeitwa Wizara kwa sababu hakutoa habari yoyote bila kusema ilianzia wizarani. Wa pili ni Ratemo, fundi wa redio, jina lake la benchi Transista. Wa tatu, Manasseh, aliimba besi katika kwaya ya Waadventista kule Nyanchwa, wakamwita Kwaya. Kanisa lake halitaki kahawa wala chai, basi yeye alikunywa uji wa wimbi na kubishana kwa nguvu zilezile. Aliyewauzia vyote viwili ni Bathsheba, Mama Bochaberi, mwenye birika la kahawa mkono wa kulia na thamosi ya uji mkono wa kushoto. Alikuwa na kigoda chake mwenyewe, na miezi ile yote alikikalia akiligeuzia dirisha la duka mgongo.

Kuligeuzia dirisha mgongo hakukuwa kwa bahati. Nyuma ya dirisha lile palikuwa na chumba, chumbani mlikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo uliowateka watu wa mji mzima. Uliitwa Mlima kwa Mlima. Timu mbili za watu watatu watatu zilimwagiana rangi kutoka vilima viwili vilivyotazamana, na wachezaji wote sita walibanana mbele ya kibodi moja. Waliouunda ni Jay, kijana wa Vasant, aliyerudi kutoka masomoni Nairobi na kichwa kilichojaa tarakimu, na Bochaberi, binti wa Bathsheba, aliyeajiriwa pale dukani kuchanganya rangi. Jay aliandika maagizo ya mashine. Bochaberi alichora kila kitu kinachoonekana.

Siku binti yake alipomwambia kwamba kazi aitakayo ni kuchora mchezo, si ualimu, Bathsheba alisimama mbele ya benchi zima akaapa kuwa hatatia mguu katika chumba kile. Angeapia nyumbani angeweza kusahau. Aliapia kijiweni, mbele ya wanaume watatu wasio na kazi nyingine ila kukumbuka.

Sasa mfukoni mwa aproni yake mlikuwa na fomu ya chuo cha ualimu. Ilikuwa na visanduku viwili vya mzazi kutia alama. Cha kwanza kilisema kwamba mwanafunzi ataripoti Jumatatu. Cha pili kilisema kwamba nafasi yake isogezwe hadi mwaka ujao, na chini yake palikuwa na mstari wa kuandika sababu. Kile cha pili Bathsheba alikiona kuwa ni cha wavivu. Bochaberi alimpa karatasi ile wiki tatu nyuma, akamwambia, "Mama, ukitia alama pale pa kwanza nitaenda, sitanung'unika. Lakini ingia kwanza uone." Leo ilikuwa Alhamisi, posta ingefungwa saa kumi na moja, naye hakuwa ameingia wala hakuwa ametia alama. Alikuwa akiogopa mambo mawili kwa pamoja: kukuta upuuzi, na kukuta kitu kizuri.

Kelele zilitoka dirishani. Wizara alinyoosha shingo, akachungulia, akarudi.

— Wa manjano wamefungwa, alisema. Mlima wao wote umekuwa kijani. Mimi nimeangalia hiyo mchezo miezi yote hii kwa hii dirisha, na sasa naweza kusema bila kuogopa. Hiyo ni mradi.

— Mradi wa nini? aliuliza Transista.

— Wa kupe. Wazungu wa Uholanzi walikaa chini wakajiuliza, hawa watu wa Kisii tutawafundisha aje kupiga ng'ombe dawa? Wakaona wakileta kitabu hakuna mtu atasoma. Wakaleta mchezo. Si umeona ile pampu?

— Nimeona pampu. Ng'ombe ako wapi? Sijaona ng'ombe hata mmoja kwa hiyo kioo.

Wizara alikunywa kahawa taratibu, kama mtu anayefungua faili.

— Ng'ombe ni awamu ya pili.

Kwaya aliweka kikombe chake cha uji chini kwa uangalifu, kwa sababu benchi lilikuwa limeyumba.

— Wacheni niwaambie, kwa sababu mimi nilikuwa kwa kaunta siku hiyo, nanunua rangi ya milango ya kanisa. Hakuna Mholanzi aliingia hapa. Jay alimwambia huyu msichana, nichoree watu watatu na silaha moja kubwa, silaha ya kutumiwa na watu watatu. Msichana akaenda. Siku ya pili akarudi na daftari ya hesabu, hizi za viboksi, kila kiboksi amekipaka rangi yake. Jay akaangalia, akaangalia tena. Akasema, hii ni nini?

— Akasema nini msichana?

— Akasema, si uliniambia silaha ya watu watatu? Huyu anachota maji, huyu anasukuma pampu, huyu anashika mpira wa kunyunyizia. Kwetu ndivyo tunapiga ng'ombe dawa. Bunduki mimi sijawahi kuona karibu, siwezi kuchora kitu sijui.

— Na Jay?

— Alicheka mpaka akakalia mkebe wa rangi. Halafu akaacha kucheka. Akabaki kuangalia hiyo daftari hivi, mkono kwa kidevu. Mimi nikalipia rangi nikaenda, yeye bado ako hapo.

Bathsheba alikuwa akisuuza vikombe. Pampu ile aliijua. Mwenye kuisukuma alikuwa yeye, na aliyeshika mpira alikuwa binti yake, amekunja uso ili dawa isimwingie machoni, na ng'ombe aliyekuwa akipigwa dawa hakuwahi kutulia hata siku moja. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na lolote pale la kumwonyesha mtu.

— Na rangi je? Kwaya aliendelea. Nyinyi mnaona tu zinang'aa. Msichana alichukua ile kadi ya rangi ya dukani, ile ya kuonyesha wateja, akamwambia Jay, nataka hizi. Jay akamwambia mashini haina zote. Akamwambia, basi changanya. Ati changanya. Jay alikaa wiki nzima akichanganya tarakimu, mpaka ile ya papai ikatoka papai kabisa. Sisi tukipaka kanisa tunapata krimu, tunarudi nyumbani.

— Hiyo sikatai, Transista alisema. Mimi nimefungua redio na televisheni za nusu ya huu mji, na sijaona rangi imekaa hivyo kwa kioo. Unaweza kutaka kuilamba. Lakini hamjajiuliza kitu moja. Kwa nini lazima watu wawe sita? Watano, haichezi. Wanne, haichezi.

— Ni timu mbili za watatu, alisema Kwaya.

— Hiyo ndio wanakuambia. Mimi ni fundi. Hiyo mashini inakula joto ya vidole. Vidole sitini, kila kidole na joto yake, zikiingia kwa waya zinaungana. Ndiyo maana mtu akitoka hapo ndani anatoka na njaa.

— Mama Dhanlaxmi hatoki na njaa, alisema Wizara.

Hapo wote watatu walitabasamu, maana mama yake Jay, mwanamke mtaratibu asiyezungumza na mteja zaidi ya maneno manne, alikuwa ndiye mshika mpira hatari kuliko wote mjini. Alikuwa akiingia baada ya chakula cha mchana, anapandisha miwani, anampaka karani wa mahakama rangi ya zambarau tangu utosini hadi unyayoni, kisha anarudi kupima misumari.

— Wacheni joto ya vidole, alisema Kwaya. Utamu uko kwa kisima.

— Sema tena, Transista akajibu, akasahau kabisa joto la vidole. Kisima ndio kitu.

Na kweli kisima ndicho kilichokuwa kikizungumzwa mji mzima. Jay alitaka kila timu iwe na kisima chake, nyuma ya mlima wake. Bochaberi akachora kimoja tu, chini, katikati ya bonde, na mfereji wake mmoja. Jay akamwambia amekosea. Akamjibu kwamba hajawahi kuona bonde moja likiwa na visima viwili vya kugombania, watu wa pande zote hushuka palepale, na ukifika unapanga foleni. Walibishana siku mbili. Mwisho Jay akaandika maagizo kama alivyotaka msichana, na akaongeza lake: mchezaji akifika kisimani, pampu za pande zote zinakuwa kimya mpaka aondoke hatua tatu.

— Jana, alisema Transista, huyu fundi wa cherehani alishuka na debe lake. Ako na rangi ya papai mwili mzima, amepakwa na nani? Na huyo karani wa mahakama. Anafika kwa kisima, nani ako mbele yake kwa laini? Karani. Sasa wamesimama hapo, mmoja nyuma ya mwingine, wanangoja maji kama watu wa nyumba moja. Hakuna mtu anaweza kufanya kitu. Chumba yote ikanyamaza. Unasikia tu maji kwa ile spika, ti, ti, ti. Karani akajaza. Akatoka hatua moja. Akatoka ya pili. Vile ametoka ya tatu, pampu zikaamka, watu walipiga kelele mpaka Mzee Vasant akakimbia kushika mikebe kwa rafu.

— Hata timu yetu ya Shabana ikifunga bao haipati hiyo kelele, Wizara alikubali.

— Mimi nilikuwa nasikilizia hapa nje, nikamwaga uji, alisema Kwaya.

Kila mmoja akaonja tena kelele zile. Bathsheba pia alikuwa amezisikia jana, na alipozisikia alikaza macho kwenye barabara mpaka yakamwuma.

— Disketi zimefika Kisumu, alisema Wizara. Zimefika Eldoret. Na hiyo barua ya Nairobi, mimi niliona bahasha yake. Watu wa kompyuta huko wanataka bonde la pili, mchezo mwingine. Wamempa Jay miezi sita.

— Jay na nani? aliuliza Kwaya, akimtupia Bathsheba jicho.

Wizara akaona heri abadilishe njia, na njia aliyoichukua ilikuwa ileile ambayo kijiwe kilikuwa kikiipita kila siku tangu mwezi wa tano.

— Tuseme yote. Lakini yule mama wa mwisho kwa laini, mimi bado nasimama pale pale. Yule ni afisa.

Hapa ni lazima mtu aelezwe. Pale kisimani, katika mchezo, mwisho wa foleni, alisimama mwanamke ambaye si wa timu yoyote. Hakuna aliyemwongoza. Kila mchezaji alipofika na debe, mwanamke yule alisogea kando akampisha, kisha akarudi mahali pake, wa mwisho. Alikuwa na mtungi wake, lakini tangu mchezo uanze hakuna aliyemwona akichota maji.

— Afisa wa kilimo aliyevaa kiraia, Wizara aliendelea. Anahesabu nani amechota ngapi.

— Ni mita, alisema Transista. Kama ile mita ya stima. Mashini ikishiba joto atachota, ikiwa na njaa hachoti. Siku atachota, mtaona, mji mzima stima itapotea.

— Ni malaika, alisema Kwaya.

— Wewe kila kitu ni malaika.

— Niambie mwanadamu gani anasimama kwa kisima mchana kutwa akisema pita, pita, pita, na mtungi wake ni mtupu. Mwanadamu huyo mimi sijakutana naye. Amewekwa hapo achunge maji watu wasipigane. Ndiyo maana pampu zinanyamaza.

Wizara alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

— Nimekuwa nikificha hii, alisema, lakini sasa nitaitoa. Huyo mama ni wa Umoja wa Mataifa.

— Aaah, Wizara.

— Subiri. Hiyo kisima itachukuliwa. Watu wa Umoja wa Mataifa wataiweka kwa meza kubwa, marais wawili wenye ugomvi wapewe debe kila mmoja, washuke. Watapanga laini watake wasitake. Mkifikiri nadanganya, niambieni, kitambaa ya huyo mama kwa kichwa ni rangi gani?

— Bluu, alisema Kwaya.

— Na kofia za askari wa Umoja wa Mataifa ni rangi gani?

Ukweli ni kwamba hoja ile ilikuwa nzito, na benchi liliyumba kwa uzito wake. Lakini Bathsheba alikuwa ameacha kusuuza. Kitambaa cha bluu hakikuwahi kutajwa mbele yake, au kilitajwa siku ambayo hakutaka kusikia. Wanawake wengi wana vitambaa vya bluu, alijiambia. Hata dukani kwa Wahindi vimejaa.

— Na ile kitu ya njano? aliuliza Transista. Umoja wa Mataifa yako ina njano?

— Njano gani?

— Kando ya huyo mama kuna jiwe bapa. Juu ya jiwe kuna kitu ndogo ya njano. Imeinama hivi. Haitoki hapo. Mimi nafikiri ni doa ya kioo, nilitaka kumwambia Jay anipe nimfungulie.

— Ni taa ya malaika, alisema Kwaya, lakini bila nguvu.

Bathsheba alikuwa akimwongezea Wizara kahawa. Kikombe kilijaa, kikapita kiasi, kahawa ikatiririka hadi kwenye kiatu cha mwenyewe, naye bado ameinamisha birika.

— Mama Bochaberi, alisema Wizara kwa upole. Kiatu hakinywi.

Wakati huohuo waliwasili watu watano, wanawake watatu na wanaume wawili, gambuti zao bado zina udongo mwekundu, mikono yao imeingia weusi wa utomvu wa majani chai. Mbele yao alikuwa mwanamke kijana mwenye sweta ya kijani, akajitambulisha kwa jina la Sharon.

— Bwairire, alisalimu, na benchi zima likamwitikia. Samahani, wazee wetu. Hapa ndipo kwa ile mchezo?

— Ndipo, alisema Wizara. Nyinyi mmetoka wapi?

— Ekerenyo. Tunachuma majani chai. Leo hakuna kuchuma, tukasema tushuke. Tumesikia kisima chetu kimeingia kwa kompyuta.

— Kisima chenu?

— Ile ya chini ya mashamba, yenye jiwe bapa. Mtu alikuja huko akaapa ni yenyewe, mpaka nyasi. Lakini tuna shida. Tulikuwa sita, mmoja mtoto wake ameamka na homa, amebaki. Tunatafuta wa sita.

Wanaume watatu waliangalia viatu vyao. Miezi yote ile walikuwa wakichungulia dirishani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugusa ile kibodi. Wizara alikohoa. Ili kuliondoa lile swali akaona amkaribishe mgeni kwenye hoja, akamweleza habari ya mama asiyechota maji, na maoni yote manne, la Umoja wa Mataifa likiwa la mwisho na refu kuliko mengine.

— Sasa wewe ni mtu wa kisima chenyewe, alimalizia. Amua. Yule ni nani?

Sharon alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

— Na aliyemchora amesema ni nani?

Wizara akageukia kahawa yake.

— Si ako hapa? aliuliza Sharon, akiangalia uso mmoja baada ya mwingine, kwa dhati kabisa, bila kejeli. Tumeambiwa anafanya kazi hapahapa ndani. Hamjamuuliza?

Transista akajikuna shingo. Kwaya akachungulia ndani ya kikombe cha uji kama aliyedondosha kitu. Mgeni aliyapitisha macho yake kwenye benchi mpaka mwisho, yakatua kwa mwanamke wa kwenye kigoda, naye Bathsheba akaona uso ukimwaka moto, kwa kuwa swali hilo halikuwa la wale wanaume. Wao wangeweza kusema hawakupata nafasi. Yeye alilala nyumba moja na aliyechora.

Aliweka birika chini. Akaweka thamosi kando yake. Akasimama, akafuta mikono kwa aproni, fomu ikalia mfukoni.

— Mama Bochaberi, alisema Wizara kwa sauti ya chini. Si uliapa?

— Niliapa. Mguu ni wangu.

— Mama, unajua kuchota maji? aliuliza Sharon, ambaye hakujua lolote.

— Nimechota tangu wewe hujazaliwa, Bathsheba alijibu, na akaingia.

Chumba kilinukia tapentaini. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokidhania. Jay aliruka kutoka kwenye kiti, akasema, "Karibu, Mama, karibu," akampangusia kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Bochaberi alikuwa pembeni na daftari la hesabu magotini, kalamu ya rangi mkononi. Aliinuka, akamshika mama yake vidole, akaviweka kimoja kimoja juu ya vidude vitatu: hiki kwenda, hiki kurudi, hiki kuinama. Vidole vya binti vilikuwa vya baridi.

Kisha kioo kikawaka, na Bathsheba akasahau alikuja kufanya nini.

Vilikuwa ni vilima vyao vya Ekerenyo, alikoolewa. Chai ilikuwa chai, kijani kile cha asubuhi baada ya mvua, na migomba ilikuwa na majani yaliyochanika kwa upepo jinsi migomba inavyochanika. Watu walikuwa wadogo kama punje za mahindi, lakini aliyesukuma pampu aliinama kwa kiuno chote, kama mtu anayesukuma kweli. Timu ya papai ilikuwa yao. Sharon alishika mpira, mwanamume mmoja pampu, na Bathsheba debe. Rangi zikaanza kuruka. Wachumaji chai wakaanza kupiga kelele kwa Ekegusii, mabega yakigongana, na Bathsheba, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, alimshusha yule mtu wake mlimani akikimbia, na akajikuta anacheka.

Akafika kisimani. Pampu zikanyamaza. Maji yakalia, ti, ti, ti.

Mwanamke wa kitambaa cha bluu akasogea kando kumpisha.

Na kwenye jiwe bapa, mahali ambapo kila mtu mjini alipita mbio na debe lake, kile kitu cha njano kilikuwa mtoto. Mtoto mwenye gauni la njano, ameinamisha kichwa, kijiti mkononi, anachora kwenye udongo uliolowa. Kijiti chenyewe kilikuwa viboksi vitatu tu vya kahawia. Kila baada ya muda kilisogea.

Bathsheba alisikia sauti yake mwenyewe ya zamani. Tangulia, mama. Wewe tangulia tu. Na wewe. Jua linashuka nyuma ya mlima, foleni inapungua, wanawake wanacheka kwamba huyu mkazamwana ni mzito wa maji, na nyumbani mama mkwe anangoja kumgombeza kwa kuchelewa, naye anampisha mmoja tena, kwa kuwa mtoto pale kwenye jiwe bado hajafika mwisho wa anachokichora. Hakuwahi kumwambia mtoto yule kwa nini walichelewa. Na mtoto hakuwahi kuinua kichwa. Angeapa mbele ya benchi lolote kwamba hakuwahi kuinua kichwa.

— Mama, chota, alisema Sharon. Amekupisha.

— Naona.

Lakini hakuchota. Alibonyeza kidude cha kurudi, akamrudisha mtu wake akasimama nyuma ya mwanamke wa bluu. Mwanamke wa bluu, kwa vile ndivyo alivyoandikiwa, akasogea tena kando, akarudi nyuma yake. Bathsheba akarudi nyuma yake tena. Wakaendelea hivyo, mmoja akimpisha mwingine, hatua kwa hatua, mpaka wakaanza kupanda kile kilima kingine kinyumenyume, huku timu ya kijani ikishangaa na mpira umeelekezwa chini.

— Hiyo haijawahi kutokea, alisema Jay. Akachukua penseli aandike, halafu akairudisha. Hakuna mtu amewahi kukataa kupita mbele.

Walifungwa vibaya sana. Mlima wote wa papai ukawa kijani, na wenzake wa papai wakamlaumu mchota maji wao kwa maneno ambayo mtu hamwambii mama wa watu, kisha wakacheka wenyewe. Bathsheba aligeuka kwenye kiti. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake wakati wote ule.

— Pale kwenye jiwe, ulikuwa unaona? Bathsheba aliuliza.

— Nilikuwa naona, Mama. Kila siku.

Alimshika Bochaberi shavu kwa kiganja chake chenye harufu ya kahawa, kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, akatoka.

Nje kahawa ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamejimiminia wenyewe, na Kwaya alikuwa na macho ya mtu aliyeonja kisichokuwa uji.

— Haya, alisema Transista. Tuambie. Ni mita?

— Wizara, nipe kalamu, alisema Bathsheba.

Karani mstaafu haachi kalamu nyumbani. Alimpa, akasogea, wengine wakayumba. Bathsheba alikaa nao kwenye benchi kwa mara ya kwanza, akatandaza fomu juu ya paja, akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Alipofika kwenye mstari wa sababu alifikiri kwa muda mfupi tu, kisha akaandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi: *Bado anachora. Wengine watangulie.*

Wizara alisoma kutoka begani kwake, kwa mazoea ya kazi.

— Sababu kama hii, alianza, wizarani...

Akasita. Akatazama dirisha, akamtazama mwanamke aliyekaa kando yake, akatazama kile kitambaa chake cha kichwani ambacho kilikuwa kimefuliwa miaka mingi mpaka mtu asijue tena kwamba kiliwahi kuwa bluu.

— Wizarani ingepita, alisema.

Bathsheba alikunja karatasi, akawaachia birika, thamosi na vikombe vyote vichafu, akaenda posta. Ilikuwa saa kumi na nusu na foleni ilifika hadi mlangoni. Alisimama mwisho, na siku hiyo hakumpisha mtu.